Baba aliuza kaseti. Je, aliuza na YouTube?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa mwanamuziki wa dansi hapa Morogoro. Baba ameshafikisha miaka 71 na gitaa sasa analishika kwa nadra. Mwaka 2003 yeye na bendi yake walirekodi albamu ya nyimbo sita, zote katunga na kuimba yeye. Studio alilipia mwenyewe. Kisha akampelekea msambazaji mmoja wa Dar es Salaam, rafiki yake wa siku nyingi, wakaandikiana karatasi moja ambayo ninayo hadi leo. Imepigwa chapa, ina saini zao na muhuri wa duka. Sentensi yenye uzito ni hii: "Msanii amemuuzia Msambazaji haki ya kurudufu na kuuza kanda za kaseti za albamu hii Tanzania Bara na Visiwani." Alilipwa laki sita kwa mkupuo, basi.

Yule mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mwanawe ndiye anaendesha biashara, na amefungua chaneli YouTube ya nyimbo za zamani. Nyimbo zote sita za baba zimo, mmoja umetazamwa zaidi ya mara laki nane. Zipo pia kwenye mitandao ya kusikiliza muziki. Hatujawahi kuona hata shilingi. Nilipompigia alinijibu kwa heshima: "Dada, mzee wako aliuza masta. Lakini yeye na marehemu baba walikuwa ndugu, kwa hiyo nitawaletea mkataba mpya na yeye apate chochote."

Mkataba umekuja kwa WhatsApp, kurasa tisa za Kiingereza. Kianzio ni milioni moja na nusu, na baada ya hapo baba atapata asilimia 30 ya "mapato halisi". Nimejitahidi kutafsiri vifungu vilivyonitia wasiwasi. Cha kwanza kinasema Kampuni inapewa haki ya kutumia rekodi "kwa njia yoyote inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki". Cha pili kinasema Kampuni inaweza kurekebisha mgao na kukata gharama "kulingana na mabadiliko ya teknolojia". Cha tatu kinaruhusu sauti, jina na picha ya baba vitumike "kufundishia na kuendeshea mifumo ya kompyuta".

Baba anataka kusaini. Anasema hawezi kumpeleka mahakamani mtoto wa rafiki yake, na milioni moja na nusu si haba kwa mtu asiye na pensheni. Kijana anataka jibu Ijumaa. Je, asaini? Na ni kweli kwamba mwaka 2003 aliuza kila kitu?

Binti wa Mwanamuziki, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na mfikishie mzee salamu zangu.

Asisaini Ijumaa. Mwambie kijana kwamba mkataba mmeupokea, mnausoma, na mtamjibu kwa maandishi. Nyimbo zimekaa kwenye chaneli yake bila mkataba wowote na hakuwa na haraka, wiki tatu nyingine hazitamuumiza.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya 2003, maana kila kitu kinaanzia hapo. Nimeisoma sentensi yenu mara kadhaa na siioni YouTube ndani yake. Isingeweza kuwemo. Video ya kwanza ya YouTube iliwekwa Aprili 2005, wino wa saini zao ulishakauka. Baba yako aliuza haki ya kurudufu na kuuza kanda za kaseti, tena Tanzania tu. Hilo neno "kaseti" ndilo linalowaokoa. Aliuza embe za msimu, hakuuza mwembe. Na huo msemo wa "aliuza masta" usiwatishe. Kumkabidhi mtu masta, yaani mkanda wa awali wa studio, ili arudufishie si sawa na kumhamishia hakimiliki. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yenye saini, na maandishi mnayo ninyi, yanasema kaseti. Kama kijana ana karatasi nyingine inayosema zaidi ya hapo, aitoe.

Usidhani lakini kwamba mahakama humwonea huruma msanii kila teknolojia inapobadilika. Hazifanyi hivyo, zinasoma maneno. Chukua kesi mbili za Marekani, ambazo haziwafungi majaji wetu ila zinafundisha. Mwaka 2001 kampuni ya vitabu Random House iliikimbilia mahakama ya New York kuizuia Rosetta Books isiuze matoleo ya kielektroniki ya vitabu vya waandishi wake, akiwemo Kurt Vonnegut. Mikataba ya zamani ilikuwa imewapa Random House haki ya kuchapa na kuuza "kwa umbo la kitabu". Jaji akakataa kuizuia Rosetta: umbo la kitabu ni kitabu, faili la kompyuta ni kitu kingine. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikauacha uamuzi ule kama ulivyo. Hiyo inafanana na kaseti ya baba yako.

Upande wa pili kuna Igor Stravinsky. Mwaka 1939 aliiruhusu Disney kutumia muziki wake kwenye filamu kwa dola 6,000, na karatasi yake ilisema muziki unaweza kurekodiwa "kwa namna yoyote, chombo chochote au umbo lolote" kwa ajili ya filamu hiyo. Nusu karne baadaye, mwaka 1991, Disney ikaitoa filamu ileile kwenye kanda za video. Wenye haki za muziki wakashtaki, na mwaka 1998 mahakama ya rufani ikasema maneno yale yalikuwa mapana kiasi cha kuzibeba na kanda za video. Stravinsky alikufa mwaka 1971, kabla video haijaingia majumbani.

Kwa hiyo kijana wa watu, au wakili aliyemwandikia, anajua anachofanya. Karatasi ya 2003 ni ya aina ya kwanza, na anataka kuwavusha kwenda aina ya pili. "Inayojulikana sasa au itakayobuniwa baadaye" si maneno ya kupamba. Yamewekwa ili asilazimike kurudi kwenu tena maishani. Na huo "muda wote wa hakimiliki" ujue ni mrefu kiasi gani: kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Milioni moja na nusu ya leo inanunua haki kwa wajukuu zako, kwa vyombo ambavyo hakuna kati yetu anayevijua.

Niwe mkweli kwa upande wake pia. Msambazaji ana hoja akisema hawezi kumtafuta kila msanii kila mtandao mpya unapofunguliwa. Wengine wamehama, wengine wamefariki, warithi hawaelewani, simu hazipatikani. Mimi sipingi mkataba kugusa teknolojia ijayo. Ninachouliza ni maswali mawili tu: njia mpya ikija, nani anaamua itumike, na fedha zake zinagawanywaje? Kifungu mlicholetewa kinajibu yote mawili kwa neno moja: Kampuni.

Wajerumani walilihangaikia hili miaka mingi na ninapenda walipofikia. Zamani sheria yao ilikataa kabisa mtunzi kuuza haki za matumizi yasiyojulikana bado. Tangu Januari 2008 inaruhusu, mradi iwe kwa maandishi, lakini mtunzi anabaki na haki ya kubatilisha ruhusa hiyo. Kampuni ikitaka kuanza njia mpya humpelekea taarifa kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana, na akinyamaza miezi mitatu, haki ya kubatilisha inakwisha. Hata akinyamaza, anastahili malipo ya haki na ya peke yake kwa njia hiyo mpya. Sheria yao haiwahusu ninyi, lakini hakuna kinachowazuia kuandika mpango kama huo ndani ya mkataba wenu. Ila hapo kwenye "anwani ya mwisho" simama kidogo. Mzee ana sanduku la posta alilolifungua lini mara ya mwisho? Laini ya simu ni ileile? Andikeni watu wawili wa kupokea taarifa, baba na wewe, na muongeze barua pepe ambayo kweli inafunguliwa.

Mimi ningeandika kifungu hivi, kwa Kiswahili, na kama kijana anataka Kiingereza basi kiwekwe kando huku cha Kiswahili kikitawala:

"Kampuni inaruhusiwa kutumia rekodi hizi kwa njia zifuatazo tu: kutazamwa na kusikilizwa mtandaoni, kupakuliwa, na miito ya simu. Njia nyingine yoyote, iwe ipo leo au itabuniwa baadaye, inabaki mikononi mwa Msanii. Kampuni ikitaka kutumia njia hiyo itawaandikia Msanii na mwakilishi wake, ikieleza njia ni ipi na inalipa namna gani. Ukimya hauhesabiwi kuwa kukubali. Mpaka pande mbili zikubaliane kiwango kingine, mgao wa Msanii hautakuwa chini ya ule wa mkataba huu, na hakuna makato yatakayofanywa kwa sababu tu teknolojia ni mpya."

Akigoma kabisa kwenye "ukimya hauhesabiwi kuwa kukubali", mnaweza kulegeza mkafuata Wajerumani: siku 90 tangu taarifa iwafikie wote wawili, mkinyamaza aendelee, lakini kwa mgao uleule. Hapo hamjapoteza kitu kikubwa. Msilegeze kwenye sentensi ya mwisho.

Sababu ya kuing'ang'ania sentensi hiyo ni kile kifungu chako cha pili, ambacho mimi nakiona kibaya kuliko cha kwanza. Kampuni "inaweza kurekebisha mgao kulingana na mabadiliko ya teknolojia" maana yake mkataba una bei inayobadilishwa na mnunuzi peke yake. Ni mchezo mkongwe. CD zilipoingia, kampuni kubwa za muziki za Marekani zilikuwa zikiwapunguzia wasanii mrabaha kwa kisingizio cha "teknolojia mpya", zikaongeza na makato ya kasha. CD ikazeeka, viwanda vikajilipa, makato yakabaki. Kuna mikataba iliyoendelea kukata gharama za kasha hata kwa wimbo unaopakuliwa, ambao hauna kasha wala kufungashwa.

Na uangalie neno "mapato halisi". Tuseme chaneli imeingiza shilingi milioni moja. Kijana akitoa laki nne za "gharama za kidijitali", inabaki laki sita, na asilimia 30 yake ni laki moja na elfu themanini. Karatasi inasema 30, mfukoni inaingia 18. Dai mgao wa kiasi kilichoingia kwenye akaunti ya Kampuni, kabla ya makato yake yoyote. Kama kuna gharama halali, itajwe jina na ukomo wake. Na kwa nyimbo ambazo mzee alilipia studio mwenyewe, 30 ni ndogo. Kijana kazi yake ni kupakia na kukusanya. Anzeni na 70 kwa mzee, msishuke chini ya nusu.

Maneno ya malipo yana mtego mwingine ambao uliwahi kumnasa hata mkubwa. Watayarishaji wa mwanzo wa Eminem, rapa wa Marekani, F.B.T. Productions, walikuwa na mkataba wa mwaka 1998 wenye viwango viwili: rekodi zikiuzwa wanapata kati ya asilimia 12 na 20, masta zikitolewa kwa leseni wanapata 50. iTunes, duka la muziki la mtandaoni, ilipokuja, kampuni ya rekodi ikawalipa kile kiwango kidogo, ikisema wimbo unaopakuliwa ni rekodi iliyouzwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikasema hapana, makubaliano na iTunes ni leseni, lipeni nusu. Walishinda, lakini baada ya miaka ya mawakili. Ninyi hamna miaka hiyo wala mawakili hao. Kwa hiyo mkataba usitofautishe "mauzo", "leseni", "utazamaji" wala "usikilizaji". Uandikwe kwamba kila shilingi inayopatikana kutokana na rekodi hizi, kwa jina lolote itakaloitwa, inagawanywa kwa kiwango kimoja.

Kifungu cha tatu kifutwe. Hicho sitaki mkijadili wala mkikipunguze. "Kufundishia na kuendeshea mifumo ya kompyuta" ni lugha ya akili mnemba: sauti ya baba yako inalishwa kwenye mashine, kesho mashine inaimba wimbo ambao hakuutunga wala hakuuimba, na sauti ni yake. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na mojawapo ya waliyoyapigania ni hili, kwamba nakala ya kidijitali ya mtu isitengenezwe bila ridhaa yake na malipo. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee, nyumbani kwa muziki wa Nashville, likatunga sheria ya kulinda sauti ya mtu isighushiwe kwa mashine. Mahali pa kifungu hicho wekeni sentensi moja ya kinyume: "Kampuni haitatumia wala kumruhusu mtu mwingine kutumia sauti, sura au rekodi za Msanii kufundishia au kuendeshea mfumo wa akili mnemba bila kibali cha maandishi kwa kila matumizi." Kijana akisema hana mpango huo kabisa, vizuri, basi kusaini hakutamgharimu kitu.

Muda uwe miaka mitano. Tazama tu kilichotokea: mwaka 2003 mlikuwa na kaseti, mwaka 2021 Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, imefunguliwa Tanzania. Anayefunga mkataba wa miaka hamsini na zaidi juu ya biashara inayogeuka hivyo anabahatisha, na hapa anayebahatishiwa ni mzee. Miaka mitano ikiisha mnakaa tena, mnatazama nani analipa nini, mnaongeza au mnaachana.

Kuachana nako kuandikwe, maana hapa ndipo wengi wanasahau. Mkataba ukifika mwisho, au Kampuni ikikosa kulipa vipindi viwili mfululizo, au ikifunga biashara, irudishe vitu vyenyewe: mafaili ya sauti ya WAV aliyoyatoa kwenye mkanda wa studio na mkanda wenyewe, picha za kava, na orodha ya namba za ISRC. Hizo ISRC ni herufi na tarakimu 12 zinazoitambulisha kila rekodi. Mkihamia kwa msambazaji mwingine na namba zilezile, hesabu ya wasikilizaji mliyoijenga ina nafasi ya kuwafuata. Mkianza na namba mpya mnaanza sifuri. Pia apewe mzee ruhusa ya kuona takwimu za nyimbo zake, si kutumiwa picha ya skrini kila Pasaka na Idi.

Unajiuliza kwa nini sijasema mlalamike kwa YouTube ili nyimbo ziondolewe. Mnaweza. Mwenye haki anajaza fomu ya malalamiko, na chaneli ikipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 inaweza kufungwa. Kijana analijua hilo vizuri, ndiyo maana alikujibu kwa adabu. Lakini video ikiondolewa, zile mara laki nane zinaondoka nayo, na wanaoutafuta ule wimbo hawataupata. Mzee hataki ugomvi, na mimi naona kwa safari hii mzee na biashara wanakubaliana. Fomu iacheni kabatini. Msikae nayo milele, maana madai nayo yana ukomo wake. Yanayotokana na mkataba, kwa mfano, ni miaka sita.

Ila fedha za nyuma zidaini. Kianzio cha milioni moja na nusu kimeandikwa kana kwamba ni zawadi, na nina hakika mahali fulani kwenye kurasa hizo tisa kuna sentensi inayosema kitakatwa kwenye mgao ujao, na nyingine inayosema mzee anasamehe madai yote ya awali. Zitafute. Muombeni taarifa ya mapato ya nyimbo sita tangu siku ya kwanza zilipopakiwa. YouTube humwonyesha mwenye chaneli mapato ya kila video, kwa hiyo asiseme haijulikani. Mkishaona tarakimu ndipo mtajua milioni moja na nusu ni nyingi au kidogo.

Jambo la mwisho hukuniuliza. Umesema nyimbo katunga na kuimba baba, sawa, lakini umesema pia "yeye na bendi yake". Aliyepiga besi, aliyepiga ngoma na wapuliza tarumbeta nao wana haki zao kama waimbaji na wapigaji, na mkataba huu una kifungu, siwezi kukosea, ambacho mzee anaahidi kwamba hakuna mtu mwingine mwenye madai. Akisaini hicho bila kuwauliza wenzake, siku mpiga besi au mjane wake atakapojitokeza, kampuni itamrudishia mzee mzigo huo. Waiteni wale walio hai na familia za waliofariki, mkubaliane mgao kwa asilimia, muandike karatasi moja kila mtu atie saini, kisha mzisajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina yote. Kazi hiyo ianze wiki hii, na mkataba wa kijana usubiri mpaka iishe.